Shahidi wa Kisambo

Kisambo, 3 Oktoba 1905

Kaka yangu Benedikto,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi tu wazima kwa kiasi cha watu wa siku hizi. Mama miguu bado inamvimba, lakini jana alijikongoja mwenyewe mpaka uani kuota jua. Cecilia ana kikohozi. Mdogo wake Scholastika, ambaye ulipanda mlima kuja kwenye ubatizo wake, ameanza kucheka ovyo. Hata akiona kuku anacheka. Migomba imezaa vizuri, maharage yameliwa na ukungu.

Sasa nakuarifu jambo lililoniketisha niandike. Agustino amechukuliwa. Juzi walikuja watu wa boma, wakafunga wanaume wanne kamba za shingo, mume wangu akiwa mmoja wao, kwa ajili ya yule askari wa mashamba ya pamba aliyefia mtoni siku ile ulipokuwa kwetu. Wote wanne wamesema hawajui kitu. Jumbe ametuambia kwamba Bwana Shauri, Mdachi anayehukumu bomani, ameapa: muuaji asipojulikana, watanyongwa wote wanne, ili milima yote isikie.

Wewe ulikuwapo, kaka. Ulikuwa unashuka njia ya mtoni. Jumbe amelitaja jina lako bomani, kwamba mwalimu wa dini aliona, na mtu wa misheni hasemi uongo. Basi utaitwa.

Sikuombi jambo katika barua hii. Nakukumbusha tu kwamba yule Stambuli wa Kisaki, aliyekuwa akigawa maji ya mzimu Kolelo na kuwaambia watu risasi za Wadachi zitageuka matone, naye alikuwa hapa siku ile, na siku ile ile alikimbia. Watu wengi wanadhani ni yeye.

Barua hii anayo Hidaya, jirani yetu, anashuka Mwembesongo kuuza tumbaku. Ni Mwislamu wa kweli. Amana kwake ni amana. Jibu lako mpe yeye mkononi.

Ni mimi mdogo wako,
Theresia

&nbsp;

Misheni, Morogoro, 19 Oktoba 1905

Mdogo wangu Theresia,

Marahaba. Milele, amina. Mwambie mama nimempatia mafuta ya kusugua miguu, Hidaya anayo. Cecilia apewe asali na asitoke na umande. Hapa darasa la wakatekumeni, wanaongoja kubatizwa, limejaa kuliko mwaka wowote, maana watu wanaogopa vita na kuta za misheni ni nene.

Ni kweli nimeitwa. Nitaapishwa, mkono juu ya Injili, baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Nilimwendea Padri Ludoviko nikamwuliza kana kwamba natafuta fundisho la darasa. "Padri, mtu akiapishwa, na kweli yake itamwua ndugu yake, afanyeje?"

Alikuwa akipogoa mikahawa. Hakuinua uso. "Anaweza kunyamaza," akasema, "na ayapokee yatakayompata kwa kunyamaza. Lakini kusema uongo huku ameshika Injili ni kumwita Mungu aje kuwa shahidi wa uongo. Hiyo ni dhambi ya mauti, hata kama ni kuokoa mji mzima."

Mzee Yohana alikuwa karibu, anakusanya matawi. Unamkumbuka, yule mzee wetu wa kijiji cha Wakristo, aliyekuwa mtumwa. Akasema, "Padri, mimi nilipotoroka, mama mmoja wa Kikutu alinifunika kwa mkeka wa mtama, akamwapia bwana wangu kwamba hajaniona. Asingeapa, leo usingekuwa na mtu wa kukuokotea matawi."

"Tumshukuru Mungu kwa huruma ya yule mama," Padri akajibu, "si kwa uongo wake."

"Mimi siwezi kuvitenga, Padri. Viliingia kwa mlango mmoja."

Padri alicheka kidogo. Lakini nilipogeuka njiani nilimwona bado amesimama na mkasi wake, hapogoi kitu.

Nikinyamaza, wanakufa wanne. Nikisema nilichokiona, anakufa mmoja, na huyo ndiye anayewalisha. Usiniandikie tena jambo hili kwa maneno ya wazi.

Kaka yako,
Benedikto

&nbsp;

Kisambo, 2 Novemba 1905

Kaka,

Shikamoo. Mafuta yamemfaa mama. Cecilia amepona. Watu wa jumbe wamewachukua mbuzi wetu wote. Wamesema nyumba ya muuaji haifugi.

Umesema nisiandike wazi. Nitaandika wazi, maana huenda barua nyingine isipatikane. Sema ni Stambuli. Ameshakwenda zake kusini, na wengine wanasema amekwisha kufa vitani. Maiti haiumizwi na neno. Hapa hana mke wala mtoto. Utasema neno moja, wanaume wanne watarudi kwao.

Usidhani sijatafuta fundisho nami. Nilimwendea Mwalimu Hatibu, yule anayewasomesha watoto Kurani huku chini, nikamwuliza dini yao inasemaje. Akaniambia uko uongo ambao Mungu huusamehe, ukiwa ni wa kuzuia damu isiyo na hatia isimwagike. Halafu akaniuliza, "Lakini, mwanangu, damu hii ina hatia au haina?"

Sikumjibu. Na wewe usiniulize.

Watoto hawa ni wa ukoo wetu, si wa ukoo wa baba yao, na wewe ndiye mjomba. Agustino akifa watakula mkononi mwako. Siku moja watakuwa wakubwa na watakuuliza ulisema nini.

Theresia

&nbsp;

Misheni, Morogoro, 24 Novemba 1905

Mdogo wangu,

Salamu kwa mama na watoto. Shemeji anakuja. Mpokee taratibu, mgongo wake haugusiki. Walimchapa viboko hamsa ishirini kwa kosa la kutokuja mwenyewe kutoa habari. Wenzake watatu nao wameachwa.

Nilichosema bomani usiniulize. Padri naye hajaniuliza. Nimemwambia kifua kinanibana, siwezi kufundisha kwa sasa. Jumapili sikukaribia meza ya Bwana. Nilikaa nyuma karibu na mlango, pamoja na wasiobatizwa. Mzee Yohana aliondoka mahali pake akaja kukaa kando yangu.

Mpikie shemeji uji mwepesi kwanza.

Benedikto

&nbsp;

Kisambo, 6 Januari 1906

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Heri ya mwaka. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa. Agustino alifika Jumamosi moja jioni, Cecilia hakumtambua, akajificha nyuma yangu. Nilimkanda mgongo kwa majani ya mgomba mpaka vidonda vikafunga. Sasa anashika jembe.

Njaa imeanza. Askari waliopita kuelekea Kisaki walichoma maghala ya kijiji cha pili, na wa huko wanakuja kuomba kwetu, nasi hatuna. Tunachimba ndiga porini, tunaziloweka siku kadha zitoke sumu. Mama hawezi kuzila, zinamsokota.

Nisingependa kukuficha hili: Agustino amerudi, lakini hajarudi kamili. Hasali rozari nasi. Akisikia mgeni amekuja kutoka kusini humwendea na kumwuliza habari za Stambuli, kama yu hai. Nimemwambia aache, atatutia mashakani. Husema, "Nataka kujua tu." Chakula kidogo tunachopata anawapa watoto, anasema ameshiba.

Jambo lile ulilosema, au ambalo hukusema, mimi sikuulizi. Tuliache lilale.

Mdogo wako,
Theresia

&nbsp;

Misheni, Morogoro, 25 Februari 1906

Mdogo wangu Theresia,

Nawasalimu nyote. Hidaya atakupa pishi mbili za mtama, moja ni ya Mzee Yohana. Soma barua hii ukiwa peke yako, kisha uitie motoni.

Stambuli hakufa. Amekamatwa upande wa Kisaki, ameletwa hapa kwa mnyororo. Niliitwa kumtambua. Bwana Shauri akauliza, "Ndiye huyu?" Nikasema, "Huyu ni Stambuli." Sikusema zaidi ya hapo. Mkalimani aliyaongeza mengine mwenyewe, nami nikamwacha aongeze.

Ulipoandika kwamba hana mke wala mtoto, tulisahau kwamba mtu huwa na mama. Mama yake amemfuata kwa miguu toka Kisaki. Anakaa nje ya ukuta wa boma, mgongo kwenye mawe, na watawa humpelekea chakula. Alinisalimu kwa adabu, maana hanijui.

Nilipata ruhusa kuonana na mwanawe. Akaniambia, "Mwalimu, maji niligawa. Nimewadanganya watu nao wamekufa, hilo nitalijibu kwa Mungu. Lakini yule askari sikumgusa. Nilikuwa nimejificha kule juu kwenye migomba. Niliona yote toka mwanzo."

Nikamwuliza, "Yote yapi?"

"Kumbe wewe hujui," akasema. Kisha mlinzi akanitoa. Sijui alitaka kusema nini. Kama wewe unajua, niambie.

Jana nilikwenda kuungama. Padri hawezi kuyasema ya kitubio, lakini yaliyo yangu naweza. Aliposikia alilia, Theresia, mzee yule. Akaniambia, "Siwezi kukuondolea dhambi huku kamba uliyoifunga ingali shingoni mwa mtu."

"Nikiifungua hapo, Padri, inakwenda shingoni mwa shemeji yangu."

"Najua." Halafu akasema, "Sheria ya Mungu haimkatazi mtu kumkimbia mnyongaji. Usiende leo. Ngoja siku chache."

Basi sikiliza. Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe tano, nitakwenda bomani kusema kwamba nilidanganya, na kwamba mkono niliouona ni wa Agustino. Kabla ya siku hiyo awe ameshavuka mlima. Nendeni Ukutu kwa ndugu zake, msingoje hata kuvuna. Hidaya ameniahidi kufika kwenu kwa siku tatu.

Nisamehe. Mama yule anakaa pale pale hata mvua ikinyesha.

Benedikto

&nbsp;

Kisambo, 11 Machi 1906

Kaka,

Barua yako ya Februari imefika jana, Jumamosi. Hidaya alizuiwa na Ruvu. Mto ulifurika ukachukua daraja la miti, akakaa ng'ambo na mtama wako kichwani akingoja maji yapungue. Amelia kwangu kama aliyefiwa. Nimemwambia hana kosa.

Askari walifika Jumatano.

Tulikuwa tunapalilia. Agustino ndiye aliyewasikia kwanza. Nikamwambia, "Kimbia, msitu huo hapo."

Alisimama akasikiliza. "Kuna sauti ya mkalimani wa boma," akasema. "Basi Benedikto amesema."

"Kimbia kwanza, mengine utayajua baadaye!"

Akalifuta jembe udongo kwa kiganja, akaliegemeza kwenye mgomba. "Nikikimbia watakuchukua wewe badala yangu," akasema. "Na wewe sitaki usimame mbele ya watu wale." Kisha akasema, "Afadhali, Theresia. Tangu niliposikia mtu yule amekamatwa, kila chakula kilikuwa majivu."

Akawafuata njiani ili wasimkamate mbele ya watoto. Hakuwa na shati.

Mtama umefika salama. Mwambie Mzee Yohana ahsante.

Theresia

&nbsp;

Kingolwira, 29 Aprili 1906

Theresia mdogo wangu,

Sijui kama barua yangu utaipokea au utaitupa. Karatasi ameniletea Padri, na yeye ndiye atakayeituma. Mimi nimefungwa mnyororo, kwa kosa la kuapa uongo. Mwaka mmoja, na nilichapwa kama alivyochapwa shemeji. Tunabeba udongo wa tuta la reli. Shingoni tumeunganishwa, mmoja akianguka wote tunainama.

Habari za mwisho nadhani zimekufikia, lakini ni haki yako kuzipata kutoka kwangu. Agustino alinyongwa Jumamosi, kesho yake ikiwa Dominika ya Matawi. Stambuli alinyongwa siku hiyo hiyo, baada yake. Nilipomwambia Bwana Shauri kwamba Stambuli hakuua, alisema, "Huyo atakufa kwa ajili ya maji." Kweli yangu haikumwokoa mtu, Theresia. Nilimwondoa mmoja chini ya kamba, wakamrudisha na kumwongeza wa pili.

Padri alikwenda kwa Bwana Mkubwa mara mbili kuomba wasamehewe. Mara ya pili hakufunguliwa mlango. Jumapili akasema kanisani, matawi yakiwa mikononi mwa watu, kwamba serikali inayonyonga watu kwa kutisha milima itaulizwa na Mungu kama anavyoulizwa mwizi. Wadachi wawili walitoka nje. Mama yake Stambuli aliomba maiti ya mwanawe, hakupewa.

Waliniacha nikeshe na shemeji, ingawa nami nilikuwa mfungwa. Padri alimpa sakramenti. Alikuwa mtulivu kuliko mimi. Maneno yake yote yalikuwa juu yako na watoto. Nilimwuliza, "Shemeji, ilikuwa kwa ajili ya pamba? Ilikuwa kwa ajili ya yale maji? Kwa nini ulimpiga?"

Akasema, "Mwulize dada yako, siku akitaka kusema. Asipotaka, usimsumbue."

Nami sikusumbui. Naomba mawili tu. Kwanza unisamehe. La pili, mlete Cecilia na Scholastika misheni; watawa watawalisha mpaka nitakapofunguliwa. Mimi ni mjomba wao.

Benedikto

&nbsp;

Kisambo, 10 Juni 1906

Kaka,

Shikamoo. Tumemzika mama mwezi wa Mei. Njaa ilimmaliza, hakuugua sana. Alikuwa akikuulizia, nikamwambia uko safarini. Watoto wamekonda lakini mahindi mabichi yameanza kuwarudisha. Hidaya amenipa kuku jike.

Umeniambia maneno ya Agustino. Basi nitasema, mara moja.

Siku ile nilishuka mtoni kufua nguo za mtoto. Yule askari alikuja nyuma yangu. Nilipiga kelele, akanitia mchanga kinywani. Yaliyofuata unayajua bila kuandikwa. Agustino alitokea na mpini wa jembe. Alipomvuta kutoka juu yangu nilitambaa, nikakimbilia mgombani, na hapo ndipo nilipomkanyaga Stambuli aliyekuwa amejificha. Aligeuza macho kando kwa heshima, akanipa shuka lake. Wewe ulipofika kwenye kona ya njia, ulimkuta askari amesimama na mume wangu anapiga. Ndicho ulichokiona. Baada ya hapo ukapanda nyumbani ukanikuta nimejifunika shuka, ukauliza kama naumwa homa, nikasema ndiyo.

Agustino alinikataza kusema. Alisema, "Watakuita bomani, mkalimani atacheka, na kila neno utalirudia mara tatu. Heri wanichukue mimi." Nami niliona aibu, nikakubali. Ndiyo maana Mwalimu Hatibu aliponiuliza kama damu ile ina hatia, sikuwa na la kumjibu.

Baada ya kumzika mama nilishuka Morogoro. Nilikwenda bomani nikamwambia mkalimani nataka kutoa ushahidi. Akasema shauri limekwisha, na mke wa aliyenyongwa hana ushahidi. Sikurudi nyumbani. Jumapili nilimngoja Padri kwenye ngazi za kanisa, watu wakitoka, nikamwambia hayo yote kwa sauti. Sikunong'ona. Wanawake waliweka watoto chini wakasikiliza.

Padri akasema, "Binti yangu, mbona hukusema?"

Nikamjibu, "Padri, wote mlikaa mkiulizana kama Benedikto aseme au asiseme. Wewe, Mzee Yohana, Mwalimu Hatibu, Bwana Shauri na Injili yake. Nani alipanda Kisambo kuniuliza mimi?"

Alivua kofia, akaketi kwenye ngazi pale pale vumbini. Mzee Yohana ndiye aliyeniletea maji. Nasikia siku ya pili Padri aliandika kwa Bwana Mkubwa, naye hakujibiwa.

Umeniomba msamaha, kaka, na sijui unauomba wa lipi. Ule uongo niliuomba mimi, siwezi kukudai. Na kweli uliyoisema ilikuwa kweli ya macho yako, ikafika nusu ya njia, na kwa nusu hiyo wamemnyonga mume wangu. Nikikaa na hasira najikuta nimekukasirikia wewe, na yeye, na mimi. Nikichoka naacha nalima.

Watoto hawatakuja misheni. Watakaa na mimi. Mnyororo ukifunguliwa, panda wewe. Usije kama mwalimu wa dini, wala usiniletee fundisho la Padri. Njoo uketi jikoni. Nitakueleza siku ile yote, na kila nilichokunyima katika barua hizi, na wewe utanyamaza usikilize mpaka nimalize. Hapo ndipo tutakapojua kama tungali ndugu.

Theresia